Kuona Samaki Wadogo wa Maji Baridi Ukiwa Umezama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaposema samaki wadogo nina maana ya wale wasiozidi urefu wa kidole cha kati, wawe wazima wa spishi ndogo au vifaranga vya spishi kubwa. Majibu haya ni ya mtu aliyekwisha kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na aliyechoka kutoka ziwani akisema hakuona kitu.

Nimezama ziwani mara nyingi na sijaona ila tope. Samaki wenyewe wako wapi?

Huenda uliwapita dakika tano za kwanza. Aliyezoea bahari huingia ziwani na mwendo wake wa baharini: anashuka ukingoni, anaelekea kilindini, anafuata dira, hewa ikifika nusu anageuka. Ziwani chakula kiko pale mwanga unapofika chini, maana ndipo mwani na magugu yanapoota, ndipo wadudu wa majini wanapoishi, na ndipo samaki mdogo anapopata pa kujificha. Katika maziwa mengi ukanda huo ni mita chache tu za mwanzo, na maji yakiwa na rangi ya chai hupungua zaidi. Ukishaupita, unaogelea juu ya uwanja mtupu.

Kwenye nchi zenye majira ya baridi kuna alama nyingine. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo vilindi vya maziwa yenye kina kirefu hubaki karibu na nyuzi hizo hata kiangazi, huku maji ya juu yakipata joto. Ukihisi baridi ya ghafla mashavuni, umevuka tabaka linaloitwa themoklaini, na wengi wa samaki unaowatafuta umewaacha juu ya kichwa chako. Yapo maziwa yanayokwenda kinyume: Ziwa Baikal, lenye kina cha mita 1,642, lina samaki wenye mwili unaopenyeza mwanga kama kioo, wanaoishi hadi vilindini kabisa. Lakini huko mpiga mbizi hafiki.

Kwa hiyo chagua kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa chumba na umalizie mtungi mzima hapo. Najua inasikika kama adhabu. Dakika kumi za mwanzo hutaona chochote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuondoka. Baadaye samaki waliojificha ulipofika huanza kutoka mmoja mmoja, kwa sababu umekuwa kama jiwe jingine tu.

Nitazame sehemu zipi hasa?

Tazama mipaka: pale mchanga unapokutana na mawe, magugu yanapokutana na maji wazi, kivuli cha gati kinapokatana na mwanga. Samaki mdogo hula upande mmoja na kukimbilia upande wa pili, kwa hiyo hakai mbali na mstari huo.

Kwenye magugu usitazame juu ya majani. Shuka hadi usawa wa mashina na uchungulie ndani kama anayechungulia kichakani. Kwenye matete tafuta vifaranga vilivyosimama kimya vikielekea upande mmoja. Chini ya gogo lililozama tazama upande wa chini, si wa juu. Kwenye mawe, yale yaliyokaa yakiacha upenyo mdogo huwa na wakazi kuliko yaliyozama topeni.

Usidharau makombe matupu ya konokono. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki wa jamii moja na furu na sato ambao maisha yao yote yamefungamana na makombe hayo. *Neolamprologus multifasciatus*, mwenye mistari myembamba ubavuni, ni miongoni mwa wadogo kabisa katika jamii hiyo. Huishi kwa makundi, hutoa mchanga kuzunguka kombe lake, na akitishika huingia ndani mzimamzima. Jirani yake *Lamprologus callipterus* ana kisa cha ajabu zaidi. Dume hukusanya makombe kwa mdomo na kuyarundika, jike huingia ndani ya kombe kutaga, na dume huwa na uzito unaozidi wa jike zaidi ya mara 10. Asiyejua atadhani ameona spishi mbili.

Macho yangu yafuate nini? Sioni hata ninapoonyeshwa.

Acha kutafuta umbo la samaki. Samaki mdogo ana rangi ya mahali alipo, tena wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, hivyo mwanga wa juu unasawazisha mwili mzima na umbo linapotea. Vitu vitatu haviwezi kufichika vizuri: jicho, kivuli na pumzi.

Jicho ni duara jeusi, na kati ya mawe hakuna duara kamili jingine. Kifaranga kinachopenyeza mwanga huonekana kama macho mawili yanayoelea bila mwenyewe. Kivuli huonekana juu ya mchanga kukiwa na jua. Mara nyingi utaona kivuli kinatembea kabla hujamwona mwenye kivuli. Pumzi ni kule kufunguka na kufunga kwa vifuniko vya mashavu. Hata aliyetulia kama kokoto lazima apumue.

Ukimwona mmoja, usimsogelee. Zungusha macho taratibu pembeni yake kwanza. Mara nyingi kuna wengine watano.

Kwa nini nilimkadiria sentimita nane, kwenye picha yenye rula akawa sita?

Kwa sababu ya hewa iliyo ndani ya barakoa yako. Mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye hewa hiyo hupinda, na vitu huonekana karibu zaidi kwa robo na vikubwa zaidi kwa theluthi. Kadiria urefu, kisha chukua robo tatu yake. Au mlinganishe na kitu kilicho kando yake unachokijua ukubwa, kama ncha ya kidole chako: nayo imekuzwa vilevile.

Nimemwona. Namtambuaje?

Anza na anavyokaa, rangi iache mwisho. Je, analala chini na akiogelea anaruka kidogo na kutua tena? Basi huenda ni wa kundi lisilo na kibofu cha hewa, au lenye kibofu kilichosinyaa. *Cottus gobio* wa mito ya Ulaya yuko hivyo, na vivyo hivyo samaki wengi wadogo wa jamii ya *Etheostoma* katika mito ya Marekani, ambao madume yao yana rangi za kanga mpya. Anayesimama katikati ya maji bila juhudi ana kibofu kinachofanya kazi.

Kisha mdomo. Ukielekea juu, anakula kwenye uso wa maji. Ukiwa mbele sawasawa, anakamata vinavyopita. Ukiwa chini ya pua, tena una sharubu, anapekua mchanga. Hesabu sharubu ukiweza, maana idadi yake hutenganisha jamii za samaki.

Halafu mapezi ya tumbo, ambayo ndiyo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Gobi wana mapezi hayo yaliyoungana na kuwa kama kikombe cha kunatia kwenye jiwe, na jamii ya *Cottus* wanayo mawili yaliyotengana. Jambo hili lina uzito katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Gobi aitwaye *Neogobius melanostomus*, mwenyeji wa eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aligunduliwa huko mwaka 1990 na baadaye akaenea akiwasukuma wenyeji wa chini kutoka kwenye mawe yao. Ana doa jeusi kwenye pezi la kwanza la mgongoni. Ukimtazama kutoka mbele akiwa juu ya jiwe, kikombe chake kinaonekana wazi.

Mwisho ndipo uje kwenye mistari, madoa na rangi.

Nitajuaje kama ni mzima wa spishi ndogo au ni mtoto wa samaki mkubwa?

Tabia husema zaidi ya umbo. Anayelinda shimo, anayefukuza wenzake, anayejenga, anayeonyesha rangi kali: huyo kwa kawaida ni mzima, hata akiwa na sentimita 4. Vifaranga vingi hutembea kwa makundi ya rika moja, wote saizi moja, na havina eneo vinavyolipigania. Macho yao pia ni makubwa mno kwa kichwa.

Mbona rangi si kama za kitabuni?

Vitabu hupenda kuchora dume wakati wa kuzaliana. Samaki wa miiba mitatu, *Gasterosteus aculeatus*, ndiye mfano maarufu: majira ya kuchipua dume hupata koo na tumbo jekundu na jicho la buluu, hujenga kiota cha vipande vya mimea anavyogandisha kwa ute unaotoka kwenye figo zake, kisha huyalinda mayai na kuyapepea kwa mapezi. Nikolaas Tinbergen, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alimchunguza sana samaki huyu. Nje ya msimu dume huyohuyo ni wa kijivu-kijani, na ukimpita hutageuka.

Sababu ya pili ni maji. Kwenye maji safi sana nyekundu ndiyo rangi inayomezwa kwanza. Kwenye maji yaliyojaa mwani au rangi ya majani yaliyooza, buluu ndiyo inayotoweka mapema, na kila kitu kinabaki kijani au kahawia. Washa tochi hata mchana, hata kwenye mita 3. Utashangaa.

Mtoni nifanyeje? Mkondo unanipeleka kabla sijaona kitu.

Mtoni ingia chini na upande kuelekea juu. Samaki wa mtoni husimama wakielekea mkondo unakotoka, kwa kuwa chakula kinakuja kutoka huko. Ukija kwa nyuma yao, uko mahali wasipoona vizuri, na tope unalolitimua linakwenda nyuma yako badala ya kuwafunika wao na wewe.

Usipigane na mkondo katikati. Ambaa kando, au jifiche nyuma ya mwamba kama wafanyavyo wao. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kimfuko cha maji tulivu, na chini kabisa, juu ya kokoto, mkondo hupungua nguvu. Ndiyo maana samaki mdogo aweza kukaa mahali ambapo wewe unang'ang'ania kwa mikono miwili. Shika mwamba imara kwa vidole, tuliza miguu, subiri.

Hapa kuna jambo la kufurahisha. Baadhi ya samaki wadogo wa mtoni hujifunza upesi kwamba mwanadamu anatimua wadudu. Watakuja nyuma yako wenyewe, kwenye vumbi la miguu yako, na kula. Kabla ya kulalamika kwamba mto ni mtupu, geuka.

Wananikimbia. Ni mapovu?

Mapovu yana kelele, ndiyo, lakini mara nyingi kosa ni miguu. Samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi msukumo wa maji, na teke la kupanda na kushuka humfikia kama kofi. Piga miguu kama chura, kwa upole, magoti yakiwa yamekunjwa na mapezi ya miguuni yakiwa juu kuliko tumbo. Hilo pia linaepusha tope. Chini ya ziwa kuna tope laini kuliko unga, na likitimka kikao kimekwisha.

Pumua polepole, lakini usizuie pumzi ili kuzima mapovu. Mapafu yaliyojaa hewa ya mtungi yanaweza kuumia kwa kupanda mita moja na kitu tu. Watu hudhani hatari hiyo ni ya vilindini, kumbe karibu na uso ndiko shinikizo linakobadilika kwa kasi zaidi.

Basi mtungi wa nini? Si bora barakoa na mrija?

Mara nyingi ni bora, nami husema hivyo hata mbele ya wauza mitungi. Kwenye maji yasiyofika kiunoni mrija unakupa saa nzima kwa utulivu. Mtungi unashinda kati ya mita 2 na 8, pale unapotaka kukaa dakika arobaini mbele ya jiwe moja.

Nipunguze vizito kiasi gani nikitoka baharini?

Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana uzito wa kilo 100 atahitaji kupunguza kama kilo 2.5 za risasi. Pima karibu na uso mtungi ukiwa unakaribia kwisha, kwa kuwa kwenye mita 2 aliye mwepesi kupita kiasi hawezi kutulia, na mzito kupita kiasi analima tope.

Ziwa likiwa mlimani kuna tofauti?

Ipo, tena si ndogo. Kwa kawaida, kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari huhesabiwa kuwa ni mbizi ya nyanda za juu. Shinikizo la hewa huko juu ni dogo, kwa hiyo ukipanda kutoka majini naitrojeni iliyo mwilini hutoka kwa nguvu zaidi kuliko jedwali la baharini linavyodhani. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770, Viktoria mita 1,134, Titicaca mita 3,812. Weka kompyuta yako ya mbizi kwenye kimo sahihi kabla ya kuingia, na usisahau barabara ya kurudi: kuvuka mlima kwa gari mara baada ya kuzama ni kuendelea kupanda.

Usiku kuna faida?

Kubwa. Wenye sharubu na wale wa chini ya mawe, walioonyesha mkia tu mchana, hutoka na kutembea hadharani. Wale wa makundi hulala karibu na chini, rangi zao zikiwa zimefifia, na unaweza kuwakaribia mno.

Watu huleta taa nyekundu wakiamini samaki haioni. Sina imani nayo sana kwenye maji baridi. Samaki wengi wa huku wana macho yanayoona vizuri zaidi mwanga mwekundu, jambo linalowafaa kwenye maji ya kahawia. Afadhali tochi nyeupe iliyofifishwa, ukimwangazia kwa ukingo wa duara la mwanga badala ya katikati.

Naruhusiwa kuinua mawe?

Sheria hutofautiana mahali na mahali, ila mimi nasema usiinue. Jike wa *Cottus* hubandika mayai kwenye dari la pango la jiwe na dume hubaki akiyalinda. Ukiligeuza, hata ukilirudisha, huenda umeponda, umemfukuza mlinzi, au umeacha mayai wazi kwa wenye njaa. Chungulia na tochi ndogo. Vivyo hivyo usiokote kome walio hai: *Rhodeus amarus* wa Ulaya hutaga ndani ya kome, na watoto wake hukaa humo hadi waweze kuogelea wenyewe.

Hatari zipi za maji baridi ambazo baharini sikuzizoea?

Mtoni, ogopa kizuizi kilichojengwa kukatiza maji, hata kikiwa kifupi. Upande wa chini maji huzunguka na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Mti ulioanguka nao huruhusu maji yapite na kumnasa mtu. Ziwani, nyavu na kamba za ndoana zilizoachwa hazionekani kabisa. Beba kisu au mkasi mahali mkono wowote unapofika. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yaache, kwani huenda ni bakteria wenye sumu.

Katika maeneo ya joto kuna kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwenye magugu ya ukingoni, na bahati mbaya ndiko samaki wadogo waliko. Vazi zima la kuzamia hupunguza ngozi iliyo wazi lakini halikulindi kikamilifu. Mweleze daktari ulikozama. Kipimo cha mapema mno kinaweza kukosa kuona chochote, kwa hiyo kwa kawaida hufanywa wiki 6 hadi 8 baadaye. Dawa ipo, prazikwanteli.

Palipo na mamba au viboko, swali la samaki wadogo linakwisha hapo. Waulize wavuvi. Wao ndio wanaojua.

Nipige picha vipi ili mtu aweze kumtambua?

Ubavu mzima kwanza, mapezi yakiwa yamefunguka. Halafu kichwa kutoka mbele, halafu mahali alipokuwa. Taa zitoe pembeni, zisitazame moja kwa moja mbele, la sivyo utapata picha ya chembe za tope zenye samaki nyuma yake. Picha moja mbaya ya ubavu ina faida kuliko kumi nzuri za mkia.

Kwenye kibao cha kuandikia majini niandike nini?

Kina, joto, aina ya chini, wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Penseli ya kawaida inaandika vizuri majini. Andika palepale, ukishavua barakoa, watatu hugeuka wanane.

Hesabu hizi si mchezo. Katika shimo la maji liitwalo Devils Hole, Nevada, huishi *Cyprinodon diabolis*, samaki wa sentimita 2.5 hivi asiyepatikana porini kwingine kokote duniani. Watafiti huzama na kumhesabu mmoja mmoja, na katika masika ya 2013 walihesabu 35 tu. Wapiga mbizi wa kawaida hawaruhusiwi kuingia humo.

Nikitoka ziwa hili niende lile jioni, kuna tatizo?

Lipo. Mabuu ya kome wavamizi hayaonekani kwa macho, na hukaa ndani ya jaketi la kuelea, kwenye soksi za mpira na kwenye mikunjo ya kamba. Mwaga maji yote kabla hujaondoka ukingoni, ondoa kila jani, osha kwa maji ya moto kiasi ambacho vifaa vinavumilia, na ukaushe kabisa. Kama havijakauka, zama ziwa lilelile mara ya pili. Jioni wakazi wake watakuwa wengine.